Kigwe cha Bibi Mwaja

Siku Elieza alipochukuliwa, binti yake Ruthu alikuwa ndani ya shimo la mchangani, kichwa chini, akichota maji kwa kata na kuyamimina kibuyuni. Kilikuwa kiangazi cha mwaka wa pili wa vita, Wadachi, yaani Wajerumani waliotawala nchi, wakipigana na Waingereza, na korongo la Haneti lilikuwa limekauka hata anayetaka maji alichimba mpaka akapotea mabega. Ruthu alikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi hiyo aliifanya kila asubuhi, na asubuhi ile hakuona tofauti yoyote mpaka alipokaribia nyumbani, kibuyu kichwani, akasikia mbwa wote wanabweka kwa pamoja.

Mbele ya tembe lao askari watatu wa boma walikuwa wamewapanga wanaume saba katika mstari, wamefungwa viunoni kwa kamba moja. Baba yake alikuwa wa nne.

"Mnawapeleka wapi?" aliuliza Bibi Mwaja, mama yake Elieza.

"Kubeba mizigo ya vita."

"Mpaka lini?"

"Bibi, mimi natumwa tu. Vita vikiisha watarudi."

Elieza hakuruhusiwa kuingia ndani kuaga. Alimtazama mkewe, Loisi, aliyesimama mlangoni na mimba ya miezi mitano. Kisha akamtazama Ruthu. "Maji, mwanangu," alisema. "Usimwachie mama yako maji yote." Kamba ikavutwa, na wale wanaume saba wakaanza kutembea kwa hatua fupifupi, kama watu wanaojifunza kutembea.

Tangu siku ile nyumba ilibaki na watu wanne: Bibi Mwaja, Loisi, Ruthu, na Sila, mdogo wake Ruthu mwenye miaka mitano. Mashamba yalikuwa vumbi tupu. Uwele uliobaki ghalani ulikuwa wa kula mara moja kwa siku, pamoja na mlenda uliokaushwa. Kuhama kusingewezekana, kwa maana upande wa kusini kulikuwa na reli na askari waliokamata watu, na upande wa kaskazini njaa ilikuwa kali kuliko kwao. Walikaa palepale, wakingoja mvua ambayo ilikuwa bado miezi minne.

Bibi Mwaja alikuwa mkunga. Hakukuwa na mwanamke aliyejifungua Haneti bila mikono yake. Lakini katika ukoo wao kulikuwa na mwiko: mama mkwe hamgusi mkaza mwana wake mwilini, wala haitazami miguu yake. Loisi alipopita, Bibi Mwaja aligeuza uso ukutani. Walipozungumza, walizungumza kila mmoja akiwa upande wake wa ukuta. Huo haukuwa ugomvi. Ilikuwa heshima, na wote wawili waliishika sana.

Juma moja baada ya Elieza kuondoka, bibi alimwita Ruthu uani.

"Njoo hapa, mke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyozoea kumtania. "Leo nakupa kazi ya watu wazima."

Alikuwa ameshika kigwe cha nyuzi za katani, kirefu kama mkono, chenye fundo moja upande mmoja. Akamwelekeza Ruthu akizungushe juu kidogo ya kifundo cha mguu wa mama yake, asubuhi, kabla mama hajainuka kitandani. Kisha apige fundo la pili pale kigwe kinapokutana. Ruthu akaenda, akafanya, akarudi nacho.

"Sasa sikiliza," bibi alisema. "Kila baada ya siku saba utamzungushia tena. Mafundo yakikutana, utaniambia yamekutana. Yakiachana kwa upana wa kidole gumba, utaniambia yameachana. Usinipunguzie wala usiniongezee."

"Yakiachana ni nini, bibi?"

"Nilikuwa na binti, Mbeleje, shangazi yako. Wewe ulikuwa bado mdogo, humkumbuki. Mimba yake ya kwanza alivimba miguu, tukacheka, tukasema ni kutembea. Akavimba mikono, akavimba uso. Ulikuwa mwaka wa njaa kama huu, basi tukafurahi. Tukasema tazameni Mbeleje alivyonawiri, mumewe anamlisha. Kisha kichwa kikamuuma siku mbili. Siku ya tatu alianguka pale jikoni, akatupa miguu na mikono, akauma ulimi, na hakuamka." Akamwekea Ruthu kigwe mkononi. "Mguu ukivimba jioni, huo ni uchovu. Mtu akiamka asubuhi amevimba, na uso umevimba, hapo ugonjwa umekwisha kubisha hodi. Ukiuona mapema unaweza kuuzuia. Mama yako atalazwa gizani, hatabeba hata kata ya maji, na mimi nitamtuma mtu kwa Yudith."

Yudith alikuwa mwanamke aliyefanya kazi na wauguzi wa misheni kwa miaka minane. Wazungu wa misheni, kwa kuwa walikuwa Waingereza, Wadachi waliwachukua na kuwafungia mbali. Nyumba ya dawa ilifungwa. Yudith alirudi kwao, ng'ambo ya vilima, na vitu vichache alivyoweza kubeba.

Ruthu alipima kwa uaminifu majuma matano. Mafundo yalikutana, naye alikimbia uani kusema, na bibi alimjibu, "Mungu ni mwema, nenda ukachote maji."

Maji ndiyo yaliyomvunja. Kila siku yeye na mama yake walikwenda korongoni safari tano: Ruthu mbili, mama tatu. Kadiri kiangazi kilivyozidi, mashimo yalizidi kina na foleni ikazidi urefu. Shingo ilimuuma Ruthu hata akilala. Kitu kimoja tu kilimfurahisha: asubuhi tatu kwa juma mwalimu Nikodemo, aliyesazwa na askari kwa sababu ya mguu wake mbovu, aliwafundisha watoto kusoma. Ruthu alikuwa amefika mbali kuliko wote. Alikuwa anaweza kusoma ukurasa mzima bila kuweka kidole.

Asubuhi ya juma la sita alizungusha kigwe, na mafundo hayakukutana. Alivuta. Ngozi ya mama ilibonyea, ikaacha shimo dogo ambalo halikujaa upesi. Kati ya fundo na fundo palikuwa na nafasi ya kidole gumba, na zaidi kidogo.

"Yamekutana?" aliuliza mama yake. Alikuwa amelala chali. Tumbo lilimzuia kuona miguu yake.

Ruthu aliwaza safari tano za maji, zote zake. Aliwaza darasa la Nikodemo likiendelea bila yeye.

"Yamekutana," alisema.

Akaenda uani akamwambia bibi hivyo hivyo. Bibi akasema Mungu ni mwema.

Siku zile zilipita polepole. Ruthu alijiambia kwamba juma lijalo mguu utakuwa umepungua, na uongo wake utakuwa umejifuta wenyewe. Lakini siku ya sita mama yake alisema, "Kesho nitapima mwenyewe. Nitakaa kitako. Nahisi ngozi inanivuta."

Mchana ule korongoni Ruthu alikaa nyuma ya mwamba, akakitoa kigwe alichokifunga kiunoni, akalifungua fundo la pili kwa meno. Akalipiga upya mbele zaidi, vidole viwili mbele, kuelekea ncha.

Kesho yake Loisi alikaa kitako, akajizungushia kigwe mwenyewe kwa vidole vilivyonenepa. Mafundo yakagusana. Alicheka. Ruthu hakuwa amemsikia mama yake akicheka tangu baba achukuliwe.

"Kumbe ni uchovu tu," Loisi alisema. "Nilianza kumkumbuka wifi Mbeleje. Haya, nipe kibuyu, jua linapanda."

Ruthu alitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini sasa haikuwa neno moja tena, ilikuwa maneno mengi, na kila neno lilikuwa na aibu yake. Akampa mama kibuyu.

Kuanzia hapo hakuwa na raha popote. Darasani herufi zilimkimbia, na Nikodemo akamuuliza kama anaumwa. Nyumbani alikwepa kukaa na bibi. Alipokuwa peke yake alijaribu kupanga jinsi ya kusema, na kila alipoanza aliona mlango umefungwa: akisema mguu umevimba, bibi ataomba kigwe, akitoa kigwe, bibi atayashika mafundo, na vidole vya bibi, vilivyokwisha kuyapapasa siku ile ya kwanza, vingejua kwamba fundo moja limehama.

Kule korongoni Tereza, binti wa jirani yao, alisimama mbele yake kwenye foleni, mikono kiunoni.

"Ninyi uwele mmeuficha wapi?" aliuliza kwa sauti ili wote wasikie. "Sisi wote mbavu nje, mama yako anazidi kuwa duara. Uso kama mwezi!"

Wasichana walicheka. Siku nyingine Ruthu angemrushia mchanga. Siku ile alijikuta akisema, "Ndiyo, mama yangu amenenepa. Mnaona wivu?"

Alilisema kwa kiburi, na papo hapo akatamani kulirudisha. Hayo ndiyo maneno waliyoyasema watu juu ya shangazi Mbeleje.

Juma la nane Loisi alianza kujifunga kitambaa kichwani. Alisema kichwa kinamgonga. Kesho yake, akiwa amekaa kivulini anapepeta uwele mchana kweupe, alisimama ghafla.

"Sila," alisema, "mbona kuna vimulimuli?"

"Wapi, mama?"

"Hapa. Mbele yangu. Vingi."

Sila alitazama huku na huku kwa furaha, akitafuta vimulimuli. Loisi aliugeuza ungo ili amimine nafaka chunguni, akaimwaga yote chini, nje ya chungu, huku akitazama mbele kama mtu aliyemaliza kazi vizuri. Kuku wakaja mbio.

Ruthu aliona yote hayo. Alimshika mama mkono akamwingiza ndani, akamlaza. Mkono ulikuwa mzito na ngozi inang'aa.

"Naumwa hapa," Loisi alisema, akishika chini ya mbavu upande wa kulia. "Mwite... hapana, usimsumbue bibi. Kigwe hakikusema kitu."

Ruthu alitoka mbio.

Bibi Mwaja hakuwako uani. Tangu alfajiri alikuwa nyumbani kwa kina Tereza, ambako mama yake Tereza alikuwa na uchungu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ngozi ya ng'ombe, na nje wamekaa wanawake wanne pamoja na Tereza. Mtoto haruhusiwi kuingia panapozaliwa mtu. Ruthu alisimama mbele ya ile ngozi, anahema.

"Bibi!"

"Nani huyo anapiga kelele?" sauti ya bibi ilitoka ndani. "Ningoje."

"Bibi, mama anaona vimulimuli mchana. Kichwa kinamuuma, na hapa chini ya mbavu."

Bibi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Lakini mafundo yamekutana. Uliniambia juzi."

Wanawake wote wanne walikuwa wanamtazama. Tereza naye. Ruthu alitamani ardhi ipasuke apotelee humo. Akafumba macho, akasema kwa nguvu ili ngozi ile isiyameze maneno:

"Nilidanganya! Yameachana tangu juma la sita. Nililifungua fundo nikalisogeza. Sikutaka kuchota maji peke yangu. Bibi, nilidanganya!"

Hakuna aliyecheka. Mama Tereza aliguna ndani, kwa uchungu wake mwenyewe. Bibi Mwaja alikuwa amenaswa kama mjukuu wake: huku mwanamke mmoja kichwa cha mtoto kimeshatokea, kule mwingine anazama, na mikono yake ni miwili tu.

"Nisikilize vizuri," alisema hatimaye kutoka ndani. Hakuwa na ukali. "Kulia utalia baadaye. Mlaze mama ubavu wa kushoto. Zibeni dirisha, pawe giza. Mtu asipige kelele, asitwange, asigombe kuku. Kisha mwambie akojoe katika kibuyu kisafi, ukizibe, ukimbie nacho kwa Yudith aupime. Usimwage. Tereza!"

"Naam, bibi."

"Wewe hapa humsaidii mama yako kwa kukodoa macho. Nenda ukakae na Mama Ruthu. Akianza kutetemeka, mgeuze ubavu, usimtie kitu mdomoni, uniite."

Tereza alimtazama Ruthu, akainuka, wakakimbia pamoja.

Njia ya kwenda kwa Yudith ilipita katikati ya vilima viwili, mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima. Ruthu alikimbia na kutembea, akakimbia na kutembea, amekumbatia kibuyu kidogo kifuani. Pale njia ya boma inapokatiza, askari mmoja alikuwa amekaa chini ya kivuli cha mgunga, bunduki magotini, midomo imepasuka kwa kiu.

"Simama! Unakwenda wapi mbio hivyo?"

"Shikamoo, bwana askari. Kwa mama Yudith, ng'ambo ya vilima. Mama yangu mgonjwa."

"Mama mgonjwa, na wewe unatembea na pombe." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo."

"Si pombe."

"Basi togwa. Lete, nimekaa hapa tangu jana."

Ruthu alirudi nyuma hatua moja. Uongo mwingi ulimjia kichwani kwa haraka: ni sumu, ni dawa ya mganga, ni maji ya kaburi. Alikuwa amechoka na uongo.

"Ni mkojo wa mama yangu," alisema.

Askari alimkazia macho. Alinyakua kibuyu, akakizibua, akakiweka puani. Akakirudisha upesi hata Ruthu akaogopa kitamwagika.

"We mtoto wewe!" Alitema mate chini. "Mkojo wa kufanyia nini?"

"Wa kupimwa, bwana. Ana mimba, amevimba, haoni vizuri."

Askari alijifuta mkono kwenye suruali. Alitaka kukasirika, lakini alionekana kukumbuka jambo lake mwenyewe, la mbali. "Pita," alisema. "Pita huku chini, njia ya juu wapo wenzangu wanaokota watu. Na ukizibe vizuri hicho."

Yudith alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Hakumuuliza Ruthu maswali mengi kabla hajawasha taa yake ya mafuta. Alitoa kijiko cha chuma, akamimina humo maji kidogo kutoka kibuyuni, akakishika juu ya ule moto.

"Tazama hapa," alisema. "Mkojo wa mtu mzima wa afya ukichemka unabaki kama ulivyo."

Maji yalianza kuchemka. Yakawa na ukungu. Kisha yakageuka meupe, yakaganda vipande vipande kama ute wa yai linalopikwa. Yudith alidondoshea tone la siki kutoka katika chupa ndogo, akangoja. Ule weupe haukuondoka.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

"Miguu tangu majuma mawili yaliyopita," Ruthu alisema. "Mimi nilijua. Nilificha."

Yudith alizima taa. Alikusanya vitu vyake katika kikapu, akajitupia kanga mabegani. "Nilijifunza kwa wale wazungu kwamba huu ugonjwa una alama zake kabla haujapiga," alisema wakiwa tayari njiani. "Nikamkuta bibi yako anajua nusu ya hayo kwa kigwe chake, tena alijua kabla yao. Alama tunazo. Mtu wa kuzisema ndiye anayekosekana."

Hayo tu. Ruthu alitembea nyuma yake, akitazama visigino vya Yudith vikipanda na kushuka.

Walipofika jua lilikuwa bado juu ya vilima. Tereza alikuwa mlangoni analia. Loisi alikuwa ameanguka kifafa mara moja. Tereza alimgeuza ubavu kama alivyoambiwa, akambana mgongo kwa magoti yake, akahesabu mpaka kikaisha. Sasa Loisi alikuwa anapumua kwa sauti, hajitambui vizuri. Uani, nyuma ya ukuta, alisimama Bibi Mwaja. Mtoto wa mama Tereza alikuwa amezaliwa salama, naye alikuwa amekuja mbio. Lakini alikuwa amesimama, uso ukutani, bila kuingia.

Yudith aliingia, akatoka tena.

"Mama," alisema, "mtoto huyu atoke, ama sivyo tutawapoteza wote wawili. Uchungu umeshaanza wenyewe, lakini kidogo. Nahitaji mikono yako."

"Ni mke wa mwanangu," alisema Bibi Mwaja.

"Najua."

"Sijamwona uso wake kwa ukamilifu tangu aolewe. Miaka kumi na minne."

"Mama, najua. Mimi pia ni Mgogo."

Ruthu alimwona bibi yake akivua bangili zake moja baada ya nyingine, akiziweka chini kwenye vumbi, akinawa mikono. Kisha aliinama, akaingia ndani ya kile chumba chenye giza, na ngozi ya mlangoni ikashuka nyuma yake.

Ruthu alikaa nje na Sila na Tereza. Aliambiwa asipige kelele, na hakupiga. Hakuwahi kufanya kazi nzito kuliko ile, hata kubeba vibuyu vitano. Tereza alimwambia kwa sauti ya chini, "Nilikutukana korongoni. Sikujua."

"Hata mimi nilijibu vibaya," Ruthu alisema. "Na mimi nilijua."

Siku ya pili, kabla ya jua la saa sita, kilisikika kilio chembamba, chembamba sana. Mtoto wa kike, mdogo kama sungura. Loisi hakupatwa na kifafa tena. Ilipofika jioni alifungua macho, akaomba maji, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa mama mkwe wake, amekaa karibu naye, amemshika mguu.

Siku ya nne Bibi Mwaja alimwita Ruthu uani. Ruthu alikwenda akiwa tayari kwa fimbo. Bibi alimwonyesha akae.

"Kama ungeniambia siku ile ya kwanza," bibi alisema, "ungechota maji safari tano kila siku. Ungechoka sana, na darasa lingekupita. Ni kweli, sikukatalii. Lakini anayechoka hulala akaamka mzima. Mama yako alikuwa anakwenda mahali ambapo mtu haamki. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi."

"Nilikupa kigwe kwa sababu mimi nilikatazwa kuona. Ulikuwa macho yangu. Mtu ukimfanyia kazi ya macho, mwambie ulichokiona, hata kama kitakuumiza wewe, hata kama umechelewa. Ulichelewa, lakini ulisema, tena mbele za watu, na ndiyo maana leo namwosha mtoto badala ya kuchimba kaburi. Na mimi ninalo langu. Nilikaa chumba cha pili majuma manane, naheshimu ukuta. Hata kwa masikio nilisikia anavyokohoa na kutembea kwa shida. Ningeweza kuuliza mara mbili. Nilimtwika mtoto jambo la watu wazima kwa sababu ya mwiko, na mwiko wa namna hiyo hautawafuata wajukuu zangu. Mjamzito akipimwa, atapimwa na mkunga mwenyewe, awe mkwe, awe nani."

"Na kichwa kikiuma, bibi?"

"Kichwa kikiuma, macho yakiona cheche, uso ukivimba asubuhi, tumbo likiuma chini ya mbavu: hapana kungoja kesho. Anayejua anasema, anayesikia anakwenda. Sasa inuka, mke mwenzangu, vibuyu vinakungoja."

Elieza hajarudi, wala hakuna aliyeleta habari zake. Loisi bado amelazwa, na jicho lake la kushoto linaona kwa ukungu. Kila siku ya tatu Yudith anakuja kutoka ng'ambo ya vilima, anachemsha kijiko chake, na weupe unapungua. Mtoto ananyonya. Ruthu anakwenda korongoni safari tano kwa siku, na safari mbili kati ya hizo Tereza anakwenda naye.